Samaki wa Kuonyesha Mgeni

Niliondoka Kisangani kwa sababu samaki wa mama walikuwa wamezidi kuwa wadogo. Mama anauza samaki wa moshi kwenye soko kuu, pale Makiso. Nilipokuwa mtoto alikuwa anamkunja kila samaki, mkia mdomoni, ndipo anamweka juu ya moshi. Siku hizi wengi hawakunjiki. Anawachoma kijiti tumboni kwa pamoja, kama majani ya kukausha, na wateja wanawageuza geuza wakiuliza wenzao wakubwa wamebaki wapi.

Mmoja wa wateja hao ni Madame Régine, mwalimu wa chuo kikuu, anayechunguza uvuvi na namna wavuvi wanavyoishi. Siku moja alimuuliza mama samaki hao wanatoka kwa nani. Mama akajibu kwamba wanatoka kwa kaka yake, kwenye kambi moja ya wavuvi iliyo chini ya Yanonge. Madame akauliza kama yuko mtu anayeweza kwenda kukaa kule awapime. Mama akanionyesha kwa kidevu. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia.

Nimesoma shule ya msingi tu, na naandika polepole. Lakini tarakimu zangu zinasomeka, na Madame alisema hilo ndilo analolihitaji. Alinifundisha uani kwake. Kuna ubao wenye alama za sentimita. Unalaza samaki, mdomo wake unagusa kizuizi, unanyoosha mkia, unasoma, unaandika. Halafu unamtundika kwenye mizani. Neno moja alilirudia mpaka nikalichoka: "Saidi, usichague. Samaki yote yenye kufika ku libongo, unapima." Libongo ni ukingo wa mto, pale mitumbwi inapotua.

Kazi hiyo ilikuwa na watu wanaoingojea. Karibu na kambi ya noko wangu, yaani huyo kaka wa mama, kuna mkono mwembamba wa mto unaopita nyuma ya kisiwa. Maji yanapopanda, samaki wanapita humo kuingia kwenye msitu uliofurika, wakatage mayai. Noko alitaka mkono ule ufungwe kwa kila mtu wakati wa maji kupanda. Wengine walikataa. Chifu wa kule alikuwa amesema kwamba atasikiliza vipimo kwanza. Kama samaki bado ni wakubwa, hakuna haja ya kufunga kitu.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda toleka, baiskeli ya abiria, ubao nimeukumbatia kifuani kwa sababu haukuweza kukaa popote pengine. Bandarini niliingia kwenye balenyeri, lile boti refu la mbao lenye injini nyuma. Tuliambiwa tunaondoka sasa hivi. Jua lilipanda likatufika vichwani, bado tuko palepale, tunapakia mifuko ya saruji na magodoro. Mama mmoja mwenye kuku aliniuliza kama ubao wangu ni wa kukatia mkate. Nilitikisa kichwa. Akaniuliza kama ni wa kupigia nguo pasi. Nilitikisa tena. Akawaambia wenzake kwamba huyu kijana ni bubu, akanihurumia, akanipa ndizi.

Mchana tuliingia mtoni. Mtu asiyesafiri hudhani kushuka na maji ni rahisi. Tulikwama kwenye mchanga ambao nahodha alisema haukuwapo safari iliyopita, na wanaume wote tukashuka kusukuma, maji kiunoni. Kisha injini ikazimika. Kisha mvua ikatukuta chini ya turubai lililotoboka juu yangu tu, au ndivyo nilivyoona. Nilikaa juu ya mfuko wa saruji, magoti mdomoni, nikilala vipande vipande. Kila nilipofumbua macho msitu ulikuwa uleule, kijani kilekile, kana kwamba hatuendi.

Huko Yanonge noko alikuwa ananingoja akiwa amesimama ndani ya mtumbwi wake, nao hautikisiki. Jina lake ni Lifoli. Ni mtu mrefu, mkimya, na mimi namuogopa kidogo. Alinitazama, akautazama ubao, akasema nimekonda kama mtu wa mjini. Halafu akapiga kafi. Sikujua niseme nini, naye hakuwa na haraka ya kusikia.

Kambi iko juu ya mchanga, nyumba za matete zimesimama kwa mstari, na mbele ya kila nyumba kuna kichanja chenye moto usiozimika. Moshi unakaa kila mahali. Unauvaa, unaulalia, unaukuta kwenye chai. Tantine Ana, mke wa noko, alinipokea kwa kelele zote ambazo mume wake hakuwa nazo. Alinipa kiti, maji, kisha sahani yenye kichwa cha ngolo. Ngolo ndiye kambare, samaki mwenye sharubu, asiyekufa upesi hata akitolewa majini. Kichwa kile kilijaza sahani nzima. Nilikula peke yangu mbele ya nyumba, kama mgeni. Watoto walikula nyuma ya kichanja, na sikuona wanakula nini.

Kwa watu wa mama yangu, mpwa ana haki moja kwa noko wake. Anaweza kuchukua kitu chake bila kuomba, kofia, kuku, hata nyama iliyo chunguni, na noko haruhusiwi kukasirika. Watu hucheka, na mambo yanaishia hapo. Binamu zangu wamevuna mengi kwa haki hiyo. Mimi sijawahi. Tantine aliliona hilo upesi.

"Mupwa gani huyu?" alisema mbele ya majirani. "Tangu afike hajaiba hata kijiko. Ao kule Kisangani banafundishaka batoto kuomba ruhusa?"

Walicheka sana, nami nikainama kufunga viatu ambavyo sikuwa nimevaa.

Kulipopambazuka nilikaa libongo, ubao magotini, na kazi ikaanza. Wavuvi walikuja mmoja mmoja. Walikuwa wamenawa nyuso. Wengine walivaa mashati safi. Kila mmoja alileta samaki wake kwa mikono miwili na kumlaza juu ya ubao taratibu, kama anayemlaza mtoto. Walikuwa samaki wazuri: mboto mpana, malangwa mwenye ngozi ya kung'aa, ngolo mnene. Niliandika. Nilifurahi kwa ajili ya mto, halafu nikafikiri juu ya meza ya mama, na furaha ikapungua.

Siku zilizofuata zilifanana. Jua, moshi, mbu, ubao. Mikono yangu ilinuka hata nikiisugua kwa mchanga. Mgongo uliniuma kwa kuinama, macho kwa mwanga wa maji. Jioni nililala kabla sijamaliza kula, na tantine alinitoa sahani mkononi.

Nadhani uchovu huo ndio ulionichelewesha kuona. Asubuhi moja mvuvi aitwaye Bosco, jirani mcheshi mwenye sauti kubwa, alinilazia ngolo ambaye sharubu moja ya kushoto ilikuwa imekatika karibu na mdomo. Nikampima. Kabla jua halijawa kali, mvuvi mwingine akaleta ngolo. Sharubu ya kushoto haikuwapo. Nikapima tena, nikapata urefu uleule. Kesho yake ngolo yule akaja katika mtumbwi wa mzee mmoja wa mwisho wa mstari, akiwa amechoka kama mimi, anafungua na kufumba mdomo. Nilimtazama mzee. Mzee akatazama mto. Niliandika, kwa sababu sikujua mtu anafanya nini mahali pangu.

Baada ya hapo nilitazama vizuri. Wavuvi walitua kwanza upande wa juu, nyuma ya matete, ambako wake zao waliwangoja na mabeseni. Mabeseni yalikwenda nyumbani yakiwa yamefunikwa kwa majani. Ndipo mitumbwi ikaja kwangu na samaki mmoja, wawili, wenye heshima. Na kwenye maji ya kina kifupi, karibu na nyumba ya Bosco, palikuwa na kizimba cha fito ambamo ngolo wa sharubu moja aliishi kati ya kipimo na kipimo.

Hawakuwa wananicheka. Walikuwa wananistahi. Mgeni amekuja kutoka mjini kuwatazama samaki wao, na asiyekuwa na samaki wa kuonyesha aliazima kwa mwenzake, kama mtu anavyoazima kiti akipata wageni. Lakini kila kiti cha kuazima nilikiandika kama kiti kipya. Vipimo vyangu vilikuwa vinasema mto umejaa samaki wakubwa, na chifu alikuwa karibu kuja. Noko wangu, aliyetaka mkono wa mto ufungwe kuliko mtu yeyote, alikuwa anaazima kama wengine.

Mchana huo alinichukua kwenda kuuona mkono wenyewe. Maji yalikuwa yameanza kuingia msituni. Miti ilisimama ndani yake mpaka magotini. Kwenye mdomo wa mkono watu walikuwa wanakokota wavu mrefu ulioshonwa kwa vyandarua vya mbu. Bosco alikuwa mbele, akiimba. Wavu ule hauachi kitu. Ulipotoka, ndani yake palikuwa na uji wa samaki, wengine wadogo kama kucha. Noko alinieleza kwa sauti ya chini kwamba hao ndio wangekuwa samaki wa mwaka ujao na wa mwaka utakaofuata. Akasema kwamba mkono usipofungwa safari hii atauza mtumbwi aje Kisangani kuendesha toleka, na akauliza, bila kunitazama, kama mtu wa umri wake anaweza bado kuendesha toleka. Nilifikiria kilima cha kutoka bandarini.

Tuliporudi nilikusanya nguvu zote nilizo nazo. Nilimwambia mgongo wake, maana alikaa mbele, kwamba Madame aliagiza samaki wote, hata wale wa kwenye mabeseni.

Kafi lilisimama. "Ile iko ya chungu," alisema. "Haiko ya kuonyesha mutu."

Nikasema kwamba chifu atasikia samaki wakubwa tu.

"Njo unataka Madame aandike kama Lifoli analishaka familia yake na chakula ya bata? Mama yako asikie vile?"

Akaanza kupiga kafi tena, kwa nguvu zaidi. Nilijua mazungumzo yamekwisha. Nilijua pia kwamba alikuwa amenijibu: wale wa mabeseni ndio wanaoliwa nyumbani kwake.

Asubuhi iliyofuata sikukaa libongo. Nilikwenda upande wa juu, nyuma ya matete, na miguu ilikuwa mizito kama nimebeba ile saruji ya balenyeri. Noko alikuwa ametua. Tantine Ana alikuwa na beseni kichwani, majani juu yake. Wake wa wavuvi wengine walikuwapo, na Bosco pia. Nilimfikia tantine, nikalishusha beseni kutoka kichwani kwake bila kusema neno, nikaondoka nalo. Masikio yaliniwaka. Niliendelea kutembea mpaka kwenye ubao, nikaondoa majani, nikamlaza samaki wa kwanza. Hakufika hata urefu wa kidole changu kirefu.

Kisha nikasikia tantine anacheka. Alicheka mpaka akashika magoti. "Eh, Lifoli, mupwa yako ameamuka," alisema. "Leo amenyang'anya." Wanawake wengine wakacheka naye, na mmoja akasema kwamba kumbe bubu ana mikono. Noko alisimama kando ya mtumbwi, kafi mkononi. Hakucheka. Lakini alikuwa noko na mimi mpwa, na hakuweza kunizuia. Aligeuka akaenda nyumbani.

Nilipima beseni lote. Ilinichukua muda mrefu, kwa sababu samaki wadogo wanateleza na mimi siandiki haraka. Kabla sijamaliza, mke wa yule mzee wa mwisho wa mstari alikuja, akaweka beseni lake karibu nami, akasema kwamba hata yeye ana chakula ya bata. Wengine wawili wakafuata. Wengine hawakuja kabisa, na sikuwafuata, maana kwao sikuwa mpwa wa mtu.

Siku ile noko hakula nje. Na mimi sikula vizuri.

Chifu alifika kwa mtumbwi wa injini, na watu wa kambi za jirani wakakusanyika kwenye mchanga mbele ya nyumba ya noko. Aliniita nisimame niseme nilichopima. Nilisimama. Nilisoma karatasi bila kuinua macho, samaki wakubwa kwanza, kisha wadogo. Nilisema kwamba wakubwa walikuwa wa kuonyesha, na wadogo walikuwa wa kula. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mtu mmoja akaomba nirudie, nikarudia.

Bosco aliinuka. Hakuwa na hasira, alikuwa anatabasamu. Alisema sote tuliwaona wale samaki wa libongo, ngolo kama paja la mtu. Mto hauna ugonjwa. Na yeye ana watoto nyumbani, mkono ukifungwa watakula mchanga? Kisha akanionyesha mimi.

"Huyu mutoto ameokota samaki ku batoto benye kucheza ku maji, njo anatusomea," alisema. "Lifoli, weye mwenyewe sema. Mutu muzima kama weye, unakulaka ile?"

Watu wote walimgeukia noko. Mimi nilitazama miguu yangu. Angesema hapana, ingekwisha pale. Heshima yake ingebaki na mkono ungebaki wazi. Tantine alikuwa nyuma yake, na safari hii hakucheka.

Noko aliinuka, akaingia ndani, akatoka na chungu cha nyumbani kwake, akakiweka kwenye mchanga mbele ya chifu, akakifunua. Mchuzi ulikuwa mweusi, na ndani yake wale samaki walikuwa wamelala ovyoovyo, vichwa na mikia, wengi na hawana kitu.

"Ninakulaka ile," alisema. "Jana, juzi, kila siku. Mugeni akikuya, tunaazima." Akamtazama Bosco. "Ngolo ya sharubu moja iko ya nani?"

Bosco alifungua mdomo, akafunga. "Iko yangu," akasema.

Chifu akaniuliza ngolo huyo alipimwa katika mitumbwi ya nani. Nikataja majina. Kila jina lilipotoka, watu walicheka zaidi, hata wenye majina. Bosco naye alicheka, lakini alikaa chini. Kisha chifu aliinama juu ya chungu, akatazama muda mrefu, na kicheko kikapungua chenyewe. Hakuna aliyekuwa na chungu tofauti na kile.

Alasiri mkono ulifungwa. Walikata kamba nene ya msituni, wakaivusha kutoka mti hadi mti, wakaning'iniza majani ya mchikichi ili kila anayepita ajue. Ulifungwa mpaka maji yatakapoanza kushuka tena. Chandarua kile kirefu kilikwenda nyumbani kwa chifu. Bosco aliuliza tena watoto wake watakula nini, na safari hii hakutabasamu. Noko akamwambia waje wavue pamoja mtoni, kwenye mkondo mkubwa, kwa wavu wa macho mapana. Bosco akasema mkondo ule una kazi nyingi na samaki kidogo. Noko akasema anajua. Bosco aliondoka, na mpaka naondoka sikujua kama atakuja.

Siku ya kurudi noko alinipeleka Yanonge. Mtu akitoka kambini huwa anabeba kifurushi cha samaki wa moshi kwa ajili ya dada wa mvuvi. Mama amekuwa akikipata kila mwaka, hata miaka mibaya. Nilipopanda balenyeri noko alibaki chini, mikono mitupu. Nilimwona anatafuta maneno, na nilijua kutafuta kwenyewe kulivyo.

"Mupwa," alisema, "sina kitu ya kumutumia mama yako. Umuambie vile."

Kupanda mto kulikuwa kurefu kuliko kushuka. Injini ililia mchana kutwa na kingo zilisogea kama mzee anayetembea. Sikuwa na nguvu ya kufikiri jambo lolote. Nilifika Makiso nimelowa, nimekauka, nimelowa tena. Nilipeleka karatasi kwa Madame Régine. Aliuliza kwa nini samaki wa mwanzo ni wakubwa hivi na wa mwisho ni wadogo hivi. Nikamweleza, polepole, naye akangoja. Kurasa za mwanzo hakuzitupa. Aliandika pembeni kwamba hao ni samaki wa mgeni.

Nilichojifunza si kingi. Ubao unapima samaki anayewekwa juu yake, basi. Anayewekwa pale ametoka kwenye mkono wa mtu, na mtu huyo ana mke, jirani, na dada aliye mjini. Noko alifunua chungu chake mbele ya watu wote ili mkono ule ufungwe, na sasa yeye mwenyewe hawezi kuvua ndani yake.

Sokoni nilimkuta mama mezani. Hakuuliza nilivyosafiri. Alitazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu anayenibebea mzigo, akauliza samaki wa kaka yake wako wapi.

Nikamwambia tumewaacha kule wakue.

Alinitazama. Kisha akasogea kidogo kwenye benchi, nikakaa.